Pumzi Yangu na Walioisikiliza

Mara ya kwanza kusomewa Yasini nilikuwa mzima. Nilikuwa nimejilaza chali baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Malindi, nikiwa kwenye eda ya marehemu mume wangu. Nilipofumbua macho niliwaona wanawake wamenizunguka, misahafu mikononi, sauti zimeshikana. Wifi yangu Zuhura alikuwa ameniinamia sikioni akininong'oneza shahada, kama anavyonong'onezwa mtu anayekata roho. Binti yangu Rukia alishika kikombe cha maji na kijiko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuzwa, nimelazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla.

Nikauliza, "Nani kafa?"

Sauti zikakatika zote kwa pamoja. Mama mmoja wa mtaa wa pili alipiga ukemi akakimbilia uani, na nadhani hajarudi kwangu mpaka leo.

"Wewe, wifi!" akasema Zuhura, huku amejishika kifua. "Umekata pumzi mbele ya macho yetu. Tumekungoja uivute, hukuivuta. Kifua chatutusika, lakini hewa haiingii wala haitoki. Basi tungefanya nini? Tukakuelekeza kibla."

"Na nilipogeuzwa?"

"Ulikoroma mkoromo mmoja, nyumba nzima ikatikisika. Pumzi ikarudi. Subhanallah, Yasini hii!"

Kabla ya alasiri mji mzima ulishajua kwamba nimekufa na nimerudi. Walikuja watu kunitazama, wengine hata hatujuani, wakitaka kujua nimeona nini huko. Nikawaambia sikuona kitu, nilikuwa nimelala. Wakaondoka wamenuna kidogo, kama watu walioalikwa karamu wakakuta chungu kitupu.

Nayaandika haya kwa ajili yako unayeambiwa kwamba pumzi yako hukatika usingizini, nawe hujui uamini au ucheke. Mimi nilicheka kwa muda mrefu. Sitakueleza habari za koo na misuli, hizo waachie madaktari. Nitakueleza yaliyonipata mimi na watu wa nyumba yangu, miaka ile ya themanini ikielekea ukingoni, wakati huku kwetu ugonjwa huu hauna hata jina.

Nilikuwa mkoromaji tangu uzazi wa mwisho, mwili uliponijaa. Marehemu akinitania kwamba hahitaji mlinzi, kwani mwizi gani ataingia nyumba yenye simba. Nikikoroma sana alinipiga kiwiko, nikageuka, tukaendelea kulala. Kila usiku, miaka yote hiyo, kiwiko kimoja baada ya kingine. Hakuna kati yetu aliyejua kuwa kiwiko kile ndicho kilichokuwa dawa yangu. Alipofariki nikabaki peke yangu kitandani, hakuna wa kunigeuza, na maradhi yakapata nafasi.

Asubuhi niliamka kichwa kinagonga na kinywa kimekauka. Mchana nilisinzia nikiongea. Kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono, kazi ya macho na subira, nami nikawa nalala sindano iko kidoleni. Kofia moja ya bwana harusi niliitia damu ikabidi niifumue yote. Wanawake waliokuja kunikalisha eda waliniona nasinzia wakasikitika, "Maskini, majonzi." Pumzi ikikatika wakasema, "Anashusha huzuni." Kila walichokiona kwangu walikitia katika msiba, na mimi sikuwalaumu, maana msiba ulikuwapo kweli.

Lakini lilikuwapo swali moja walilopenda kuniuliza nami nililichukia: "Marehemu hajakujia ndotoni?" Kila mjane wanayemjua alijiwa na mumewe. Mimi nilikuwa siku hizo sioti ndoto yoyote, nalala kama jiwe lililotupwa kisimani na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilijibu, "Bado." Moyoni niliumia. Nilidhani labda ana kinyongo na mimi.

Baada ya Yasini ile, Rukia hakunikubalia tena kulala bila mtu. Alikuwa ameolewa Mambrui, harusi yake haijapata hata mwaka, na mumewe Salim alimruhusu aje kukaa na mimi mpaka arubaini ipite. Arubaini ikapita. Rukia akabaki. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda changu, na pumzi ikikawia ananishika bega na kunigeuza. Alirithi kazi ya baba yake bila kuambiwa.

Yeye ndiye aliyesema twende Mombasa kwa daktari wa vifua na koo. Ndipo nyumba ilipowaka. Shemeji yangu Athumani, mkubwa wa familia, alikuja akakaa barazani, akasema kwa upole wake ule wa kuudhi, "Shemeji, eda haijesha. Mjane atoke, apande basi, avuke kivuko, watu wamtazame? Na ugonjwa wenyewe ni kukoroma!"

Rukia akatoka ukumbini na chozi jichoni. "Ami, shikamoo. Nisamehe. Ami umepata kumsikia mamangu akilala?"

"Mimi nimsikie wapi mke wa ndugu yangu akilala?"

"Basi kaa papo hapo. Usiingie ndani. Sikiliza tu."

Mimi nilikuwa nimeshasinzia nyuma ya pazia, wakati wenyewe wakinijadili. Nilisimuliwa baadaye. Shemeji alisikiliza mkoromo, akatabasamu. Kisha mkoromo ukakatika. Akangoja. Tabasamu likaanza kumtoka. Akasimama. "Mwamsheni!" akasema. "Mwamsheni, mwamsheni, kwani mwamwangalia nini?" Alikwenda mwenyewe kumuuliza mwalimu wa msikitini, akarudi na jibu kwamba dharura ya matibabu humtoa mjane nyumbani pasi na dhambi. Nauli pia alitoa yeye, na tangu siku hiyo hakunena tena neno kukoroma. Alisema "ile hali."

Tulisafiri masika yameanza, barabara imejaa maji. Kilifi wakati huo hapakuwa na daraja. Abiria mlishuka basini mkavuka kwa miguu juu ya kivuko, na basi likaja kivyake. Nilisimama nimeegemea chuma cha kivuko, wauza korosho wakipita na vikapu vyao, Mnarani iko mbele yangu kule ng'ambo, nami nikalala nimesimama. Rukia alinishika buibui kwa mikono miwili mpaka ng'ambo. Mwanamume mmoja akasema kwa huruma, "Huyu mama kalewa?" Rukia akamjibu, "Amefiwa." Lilikuwa jibu fupi kuliko la kweli.

Chumba cha kungojea cha daktari kilikuwa na mabenchi marefu na feni moja inayozunguka ikilalama. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama wa Kigiriama kutoka Kakuyuni, amemleta mjukuu wake mwenye pumu. Niliona haya kusinzia mbele za watu, nikawa najifinya mapaja. Yule mama akanitazama, akasogea, akapiga bega lake kwa kiganja. "Weka kichwa hapa, mwenzangu. Mimi mtoto huyu hanilazi usiku, nimezoea kukaa macho. Ukiitwa nitakuambia." Sikumjua jina wala sikumwona tena. Bado namwombea dua.

Niliamka nikaona viatu vyeusi vya kiume vimesimama mbele yangu. Daktari alikuwa amesikia sauti kupitia mlangoni, akatoka, akasimama katikati ya wagonjwa wake wote akinitazama nikilala, saa mkononi. Alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye sauti ya chini na Kiswahili safi cha Mombasa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Pole kwa kukuamsha. Kazi yangu karibu nimeimaliza."

Ndani akanieleza kwa maneno machache. Nikilala njia ya hewa hujifunga. Mwili huhangaika, kisha huamka kidogo tu, kiasi cha kuifungua njia, na kulala tena. Usiku mzima naamka bila kujijua, ndiyo maana mchana sina nguvu. Akauliza hali huwaje nikilala ubavu. Rukia akamweleza habari ya Yasini na kibla. Nilimwona daktari akijizuia kucheka, akashindwa, akatuomba radhi.

"Mwambie shangazi yako amenitangulia," akamwambia Rukia. "Ubavu ndio dawa ya kwanza."

Zuhura alipopelekewa salamu hizo alivimba kichwa, na kwa kweli alistahili. Ni yeye aliyenishonea mpira wa watoto mgongoni mwa gauni la kulalia, kama alivyoagiza daktari, ili nikilala chali mpira uniume nigeuke. Jaribu kama umeambiwa ujaribu. Utaonekana kama ngamia, lakini hakuna anayekuona. Mimi ulinisaidia kidogo. Nilipunguza pia wali wa nazi, jambo lililoniuma kuliko mpira.

Daktari alitaka ushahidi. Tulikuwa na redio ya kaseti, marehemu akisikilizia taarabu. Akamwambia Rukia aiweke karibu na kichwa changu arekodi upande mzima, tumletee. Nilipojisikia ofisini kwake kwa mara ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Nilidhani mume wangu akinitania; kumbe alikuwa ananistahi. Kisha kikaja kile kimya. Kimya kirefu, kifua kinasikika kikipigana na kitu, halafu mlipuko wa mkoromo kama mtu aliyetolewa chini ya maji. Tena na tena. Nililia pale pale, si kwa ajili yangu. Nililia kwa kumfikiria mwanangu kwenye kigoda, akiyasikia hayo kila usiku peke yake.

Kusi ilipoanza kuvuma daktari akatuita. Mzee mmoja wa Kizungu aliyeishi pwani kwa miaka alikuwa amerudi kwao kwa kudumu, na akamwachia mashine aliyokuwa akilalia. Ni kisanduku kizito chenye feni ndani, kinachopuliza hewa kupitia bomba la mpira hadi kwenye barakoa inayoziba pua. Hewa inaingia kwa nguvu na kuizuia njia isijifunge. Hakuna kingine, haina dawa wala sindano.

Siku za kwanza niliichukia. Ilivuma kama stovu ya pampu. Jirani aliuliza kama tumeanza kusaga unga. Barakoa ilinichubua juu ya pua, na nikifungua kinywa hewa ilitoka kwa fujo nikajiona nimekuwa puto. Stima ikipotea, na Malindi ilipotea mara nyingi, nililala nimekaa, nimeegemea mito. Nilitaka kuirudisha. Zuhura akanikemea, "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Wewe kifo kilishakuumbua, sasa wataka nini tena? Vaa!"

Nikavaa. Kisha asubuhi moja niliamka kichwa hakiumi. Nilikaa kitandani nikiogopa kukitikisa. Nikashona kofia kuanzia chai mpaka adhuhuri bila kusinzia hata mara moja. Na kabla mwezi haujaandama tena, niliota. Marehemu alikuwa amekaa barazani, amevaa kanzu yake ya kila siku, akaniambia kahawa imepoa. Ni hilo tu. Hakuleta wasia wala habari za peponi, amelalamikia kahawa. Niliamka nikalia kwa furaha mpaka barakoa ikajaa machozi, nikamwita Rukia, "Amekuja! Babako amekuja!" Nilijua basi kwamba hakuwa na kinyongo. Usingizi wangu ndio haukuwa na mlango wa yeye kuingilia.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Mwili wangu ulipona upesi kuliko nyumba yangu.

Eda ilikwisha, mashine inafanya kazi, nami nanenepa kwa afya ingawa daktari hataki kusikia hivyo. Lakini Rukia bado yuko kwenye kigoda. Alirekodi kaseti mpya na kuzisikiliza mchana badala ya kulala, kichwa amekiinamisha kwenye redio, uvumi wa mashine umejaa chumba. Akisikia pumzi imekawia hata kidogo ananiita.

"Mamangu, hapa. Wasikia? Umekatika tena."

"Fupi hiyo."

"Fupi leo. Kesho je?"

Zilikuwa fupi kweli, na hazikuishia kwa mkoromo. Nilikuwa kama mtu aliyesimama kidogo njiani, kisha akaendelea na safari yake. Lakini mtoto aliyemwona mama yake akielekezwa kibla hana ufupi wala urefu. Kwake kila kimya kilikuwa kile cha siku ile.

Salim alikuja kutoka Mambrui, pamoja na mama yake. Walileta samaki na maembe, wakakaa, wakauliza hali, wakanisifu kwa kupata rangi. Hakuna aliyesema lolote baya, na hilo ndilo lililonitia hofu. Walipokuwa wakiaga, mkwewe Rukia alinishika mkono mlangoni.

"Dada yangu," akasema, "sisi hatugombi. Mama ni mama. Lakini nyumba ya vijana hailindwi na kufuli. Mwanangu yuwala kwangu kila siku kama mtu asiyeoa. Niambie tu, tungoje, au tusingoje?"

Usingizi ambao sasa nilikuwa nao ulinitoka kwa siku kadhaa. Maradhi yalikuwa yameniacha mimi yakamshika mwanangu, na yakiendelea yangevunja ndoa yake. Nilimfukuza kwa maneno makali, akalia, asitoke. Zuhura akajitolea kulala chumbani kwangu. Rukia akasema shangazi usingizi wake mzito. Nikampeleka tena Mombasa.

Daktari alisikiliza kaseti mpya kwa utulivu, yote, bila kuharakisha. Alipomaliza akamgeukia Rukia.

"Binti, kile kirefu kinachoishia kwa kukabwa, ndicho adui. Umekisikia humu?"

"Hapana. Lakini vifupi vimo."

"Vimo. Mtu akiingia usingizini, akigeuka, akishusha pumzi ndefu, hupumzika kidogo kabla ya kuvuta nyingine. Watu wote. Mimi pia. Hata wewe."

"Mimi sifanyi hivyo," akasema Rukia.

Daktari akanitazama, nami nikamtazama. Tukarudi nyumbani, na kwenye kivuko nilikuwa macho, nikanunua korosho, nikaziona nyumba za Kilifi zikisogea. Rukia alisema njia nzima kwamba daktari ni mtu mwema, ila hakuniona siku ile ya Yasini.

Kwako wewe mwenye kumlinda mgonjwa, hili ni lako. Hofu ina masikio makali, lakini haijui kutofautisha. Mgonjwa wako anaweza kupona na wewe ukabaki umeugua. Mwulize daktari kipi cha kuogopa na kipi cha kukiacha kipite, na ukishaambiwa, jaribu kulala. Najua ni rahisi kusema. Mwanangu aliambiwa na hakuweza.

Ilikuwa kaskazi imeanza, joto limerudi, watu wamejilaza majumbani baada ya adhuhuri. Rukia alikuwa amepitiwa na usingizi mkekani, miguuni pa kitanda changu, hajala hata sahani yake. Nilimtazama. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Nikafika mahali pa kufanya jambo. Niliiwasha mashine, nikaiacha ivume peke yake pale pembeni, maana alikuwa ameizoea hata sauti yake ikawa inambembeleza. Nikaiweka redio karibu na kichwa chake, nikabonyeza. Kisha nikachukua upepeo, nikakaa chini nikampepea mpaka upande wa kaseti ulipokwisha.

Alipoamka akaogopa kwamba amelala. "Mama, umelala wewe? Nani amekusikiliza?"

"Kaseti," nikamwambia. "Ile pale. Isikilize."

Akaileta redio mapajani, akainama kama kawaida yake. Uvumi wa mashine ukaanza, na ndani yake pumzi, polepole, inaingia na kutoka. Mimi nikajifanya napanga nyuzi zangu. Baada ya muda akainua kidole.

"Hapo!" akasema. "Sikwambii mimi? Hapo umekatika."

"Rudisha."

Akarudisha. Pumzi ndefu ikashuka, kikafuata kimya kidogo, kisha pumzi nyingine ikaja taratibu.

"Na hapo tena! Mama, waona? Na daktari asema hakuna kitu! Wallahi leo siondoki hapa."

"Rukia."

"Siondoki, mama."

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo ulipo, nakupepea. Huyo si mimi. Huyo ni wewe, mwanangu."

Alinitazama kama aliyezungumzishwa lugha ya kigeni. Akaitazama mashine, kisha mkeka ambao ulikuwa bado na alama za mwili wake. Akarudisha kaseti kwa mkono wake mwenyewe, akasikiliza kile kimya, safari hii bila kuinua kidole. Akakirudia. Aliweka kiganja kifuani pake, akakaa hivyo.

"Na niliamka," akasema.

"Uliamka ukaanza kunigombeza."

Akacheka. Kicheko kikamshinda kikageuka kilio, kilio cha mtu mzima kinachotoka tumboni, nami nikamweka kichwa mapajani nikamwacha alie. Nililia na mimi. Zuhura akachungulia mlangoni kuuliza nani kafa, tukashindwa kumjibu.

Alasiri ile alikunja nguo zake, Athumani akampeleka Mambrui kabla jua halijazama. Nilifunga mlango wa chumba changu, nikavaa barakoa, nikalala kwa ubavu. Kama pumzi yangu ilisimama kidogo usiku ule, sijui. Hapakuwa na mtu wa kuniambia.